Ua Walioubomoa Wenyewe

Usiku wa tarehe 23 Mei 1861, wanaume watatu walipanda mashua wakavuka maji ya Hampton Roads, Virginia, wakaenda kubisha hodi kwenye ngome ya Monroe, ambayo ilikuwa bado mikononi mwa jeshi la serikali kuu ya Marekani. Walikuwa Frank Baker, James Townsend na Shepard Mallory, watumwa wa Charles Mallory, kanali wa Virginia. Kanali alikuwa amewapeleka Sewell's Point kujenga boma la mizinga ya kuielekezea ngome ileile, na walipata fununu kwamba anataka kuwahamishia Kusini zaidi, mbali na jamaa zao. Mchana wa siku hiyohiyo wapiga kura wa Virginia walikuwa wameidhinisha jimbo lao lijitenge na Marekani.

Haukupita muda, akaja Meja John Cary na bendera nyeupe kudai watoro wa kanali. Mkuu wa ngome, Jenerali Benjamin Butler, alikuwa wakili kutoka Massachusetts kabla ya kuvaa sare, na jibu lake lilikuwa la kiwakili. Cary alimkumbusha wajibu wake chini ya Katiba na sheria ya 1850 ya kuwarudisha watoro. Butler akamwambia kwamba sheria hiyo ni ya Marekani, na Virginia yenyewe imetangaza kuwa ni nchi ya kigeni. Cary akabisha: lakini ninyi mnasema hatuwezi kujitenga, basi turudishieni watu wetu. Butler, kwa simulizi yake mwenyewe, akamaliza: ninyi mnasema mmejitenga, basi hamna cha kudai. Akaongeza kwamba kanali akija kula kiapo cha utii kwa Marekani atawapata watu wake. Kanali hakuja. Kufikia mwisho wa Julai waliokimbilia ngomeni walikuwa mia tisa hivi.

Kila mjadala kuhusu kama majimbo ya watumwa yalipaswa kujitenga huanza na haki za majimbo, ukaenda kwenye ushuru wa forodha, ukaishia kwenye ushujaa wa majenerali. Mimi naona uanze pale mlangoni kwa Butler, kwa sababu hoja yote imo humo. Kilichomfunga mtumwa wa Virginia asitoroke si mnyororo wa bwana wake peke yake. Kilikuwa pia Katiba ya Marekani, mahakama za Marekani, polisi na askari wa Marekani. Siku mabwana walipojitoa katika nchi hiyo, waliubomoa ua wao kwa mikono yao.

Ua huo ulijengwa kwa zaidi ya miaka sabini, na inafaa kuutazama mti kwa mti.

Katiba ya 1787 iliwahesabu watumwa kwa kiwango cha watatu wa tano wakati wa kugawa viti vya bunge. Mtumwa hakupiga kura, lakini mwili wake uliongeza idadi ya wabunge wa bwana wake, na pia kura za jimbo katika kumchagua rais. Katiba hiyohiyo iliamuru mtoro aliyevuka kwenda jimbo lingine arudishwe. Sheria ya 1850 ikaipa amri hiyo meno: kesi ilisikilizwa na kamishna, si baraza la wazee wa mahakama, mshitakiwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi, aliyemsaidia alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Kamishna alilipwa dola 10 akiamua mtu arudishwe utumwani, dola 5 akimwachia. Watetezi wa sheria walisema tofauti ni gharama ya karatasi. Mwaka 1854 mtoro Anthony Burns alipokamatwa Boston, mji uliojaa wapinga utumwa, askari wa serikali kuu walijipanga barabarani hadi gatini ili apandishwe meli arudi Virginia. Hakuna nchi ndogo ya Kusini ambayo ingeweza kupata huduma hiyo katika mji wa Boston.

Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji 7 dhidi ya 2 kwamba mtu mweusi mwenye asili ya utumwa hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwamba Kongresi, yaani bunge la Marekani, haina mamlaka ya kuuzuia utumwa katika maeneo mapya ambayo hayajawa majimbo. Mwaka 1859 mahakama hiyohiyo ikaliambia jimbo la Wisconsin kwamba mahakama zake haziwezi kumwachia mtu aliyeshikwa na serikali kuu kwa kuwasaidia watoro. Hapa ndipo wimbo wa haki za majimbo unapopotea sauti: majimbo yaliyodai haki ya kukaidi serikali kuu katika miaka ya 1850 yalikuwa ya Kaskazini, na Kusini ndiyo iliyoitaka serikali kuu iwakanyage.

Basi kwa nini waliondoka?

Tarehe 6 Novemba 1860 Abraham Lincoln alichaguliwa rais kwa asilimia 40 hivi ya kura za wananchi, na kura 180 za wajumbe wa uchaguzi. Katika majimbo kumi ya Kusini jina lake halikuwa hata na karatasi ya kupigiwa kura. Chama chake cha Republican kiliahidi kutougusa utumwa mahali ulipo, ila kuuzuia usienee kwenye ardhi mpya ya magharibi. Wenye mashamba hawakuwa wajinga. Hofu yao ilikuwa na mantiki yake. Pamba inachosha udongo, na thamani ya watumwa wao, inayokadiriwa kufika dola bilioni 3 hivi, ilitegemea kuwapo kwa mnunuzi mpya kwenye ardhi mpya. Rais wa Republican angewateua wakuu wa posta na maofisa wa forodha hukohuko Kusini, na weupe maskini wasio na watumwa wangeweza kuvutwa na ajira hizo hadi chama hicho kikaota mizizi kwao. Tena mpinga utumwa John Brown alikuwa amevamia ghala la silaha la Harpers Ferry Oktoba 1859, na kila bwana alilala na jicho moja wazi.

Ila hofu ya kesho ni kitu kimoja, na hesabu ni kitu kingine. Hesabu zilikuwa upande wao. Alexander Stephens wa Georgia aliwaeleza wabunge wa jimbo lake mjini Milledgeville tarehe 14 Novemba 1860: Lincoln hana wingi katika Kongresi, wala hawezi hata kuteua maofisa wake bila idhini ya Seneti, kwa hiyo mikono yake imefungwa. Maseneta wa Kusini wangebaki vitini mwao, chama cha Lincoln kisingekuwa na wingi katika Seneti.

Nenda mbali zaidi. Kuuondoa utumwa kisheria ndani ya majimbo kulihitaji kurekebisha Katiba, na marekebisho huhitaji robo tatu ya majimbo. Majimbo ya watumwa yalikuwa 15. Ili 15 yasiweze kuzuia, nchi ingehitaji majimbo 60. Leo Marekani ina majimbo 50, na marekebisho huhitaji 38. Toa 15 katika 50, unabaki na 35. Maana yake, kama yote 15 yangekaa kimya ndani ya Muungano na kupiga kura ya hapana kila mara, hesabu hiyo ingewalinda mpaka hivi leo. Sisemi utumwa ungedumu mpaka leo. Mambo mengine yangeweza kuuvunja, na watumwa wenyewe walikuwa na kauli katika jambo hilo. Nasema tu kwamba lango la Katiba lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwao.

Na wakapewa kufuli la pili. Mwanzoni mwa 1861, wakati majimbo saba yamekwisha kuondoka, Kongresi ilipitisha pendekezo la marekebisho ya Katiba lililoletwa na Thomas Corwin wa Ohio: Katiba isirekebishwe kamwe kwa namna itakayoipa Kongresi mamlaka ya kuingilia utumwa ndani ya majimbo. Baraza la Wawakilishi lililipitisha kwa kura 133 dhidi ya 65, Seneti kwa 24 dhidi ya 12. Lincoln, katika hotuba ya kuapishwa kwake tarehe 4 Machi, alisema hana pingamizi. Lingeidhinishwa, hayo ndiyo yangekuwa Marekebisho ya 13 ya Katiba. Kentucky na Ohio yaliwahi kuyaridhia. Majimbo yaliyojitenga hayakugeuka hata kutazama.

Jinsi walivyoandika talaka

Utaratibu wa kujitenga ulifanana karibu kila mahali. Bunge la jimbo liliitisha uchaguzi wa wajumbe wa mkutano mkuu, kampeni ikawa ya wiki chache tu, mkutano ukakaa, ukapitisha hati ya kujitenga, na hati ikaanza kazi. South Carolina ilitumia siku 44 tangu Lincoln achaguliwe. Wajumbe walichaguliwa tarehe 6 Desemba, wakakutana Columbia tarehe 17, wakakuta mji una ndui, wakapanda treni hadi Charleston. Tarehe 20 Desemba, saa saba na robo mchana, walipiga kura: 169 ndiyo, hapana sifuri. Hati ilikuwa fupi mno. Ilifuta tu ile hati ya tarehe 23 Mei 1788 ambayo kwayo jimbo liliridhia Katiba, na kutangaza kwamba muungano umevunjika.

Yakafuata Mississippi tarehe 9 Januari, Florida tarehe 10, Alabama tarehe 11 kwa kura 61 dhidi ya 39, Georgia tarehe 19, Louisiana tarehe 26 na Texas tarehe 1 Februari. Katika hayo saba ya mwanzo, ni Texas peke yake iliyowarudishia wapiga kura hati waiamue wenyewe.

Jambo ambalo wanaoandika juu ya uhalali wa kujitenga hulipita haraka ni hili: mali ilibebwa kabla talaka haijaandikwa. Georgia iliteka ngome ya Pulaski tarehe 3 Januari, siku 16 kabla ya kujitenga. Wanajeshi wa Alabama walichukua ngome na ghala la silaha siku kadhaa kabla ya hati yao. Louisiana iliteka ghala la silaha la Baton Rouge tarehe 10 Januari, ikiwa bado ni jimbo halali la Marekani kwa kila kipimo, hata kipimo chake yenyewe. Mtu anayedai anaondoka kwa amani na kwa mujibu wa mkataba hachukui funguo za ghala usiku wa kuamkia kuondoka. (Posta walikuwa wavumilivu kuliko wote: serikali kuu iliendelea kupeleka barua za waasi mpaka tarehe 31 Mei 1861, wiki kadhaa baada ya vita kuanza.)

Wenye kutetea haki hiyo wana hoja moja isiyo ya kudharauliwa. Majimbo yaliingia kwa mikutano yao wenyewe, basi kwa nini yasitoke kwa mikutano hiyohiyo? Katiba haisemi popote kwamba kutoka ni marufuku. Jibu la James Madison, mmoja wa walioiandika, lilikuwa limeshatoka Julai 1788, New York ilipotaka kuridhia huku ikijiwekea haki ya kujitoa baadaye: alimwandikia Alexander Hamilton kwamba kuridhia ni kwa ujumla wake na kwa milele. Mwaka 1833, akiwa mzee, alirudi kwenye suala hilo na kutofautisha mambo mawili: kujitoa kwa kupenda tu, ambako ni kuvunja ahadi, na kujitoa kwa sababu ya dhuluma isiyovumilika, ambako ni jina lingine la mapinduzi. Mwaka 1869 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Texas dhidi ya White, ilisema karibu hayohayo: njia za kutoka ni mapinduzi au ridhaa ya majimbo mengine.

Hoja ya mkataba ina tobo jingine ambalo halihitaji wakili. Katika majimbo saba ya kwanza, mawili tu, South Carolina na Georgia, yalikuwepo kabla ya Katiba. Louisiana ilitoka katika ardhi iliyonunuliwa kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15 mwaka 1803. Florida ilipatikana kwa mkataba na Hispania, ikawa jimbo mwaka 1845, na sensa ya 1860 iliikuta na watu 140,424, karibu nusu yao watumwa. Texas, ambayo kweli iliwahi kuwa jamhuri, ilipewa na serikali kuu dola milioni 10 baada ya kujiunga, na nyingi zilikwenda kulipa madeni yake. Florida ilijirudishia uhuru gani ambao haikuwahi kuwa nao?

Tukiwa tumebaki na mapinduzi, swali linakuwa: kwa dhuluma ipi? Walipoondoka, Lincoln alikuwa hajaapishwa. Hakuwa amesaini kitu. Wao wenyewe walieleza sababu zao kwa maandishi, na sioni haja ya kuwasemea. Mississippi iliandika kwamba msimamo wake umefungamana kabisa na utumwa, kitu ilichokiita maslahi makubwa kuliko yote duniani. South Carolina ililalamika kwamba majimbo ya Kaskazini hayawarudishi watoro, kwamba New York inamkatalia bwana kupita na mtumwa wake, kwamba baadhi ya majimbo yanawapa weusi uraia. Yaani walilalamikia majimbo mengine kutumia haki za majimbo. Ukubwa wa kero yenyewe? Sensa ya 1860 ilihesabu watoro 803 kwa mwaka mzima, katika watumwa karibu milioni 4.

Stephens, yuleyule aliyewaonya wenzake mwezi Novemba, alikubali kuwa makamu wa rais wa Shirikisho jipya la majimbo yaliyojitenga, na tarehe 21 Machi 1861 huko Savannah alisema jiwe la msingi la serikali yao ni ukweli kwamba mtu mweusi si sawa na mweupe, na kwamba utumwa ni hali yake ya asili. Katiba waliyoipitisha Montgomery tarehe 11 Machi ilikataza sheria yoyote ya kupinga umiliki wa watumwa. Ilimpa bwana haki ya kuingia na kukaa na watumwa wake katika jimbo lolote la Shirikisho, hata kama jimbo hilo lingetaka kuachana na utumwa. Na haikuweka kifungu cha kujitenga. Dibaji yake ilisema serikali hiyo ni ya kudumu.

Nani aliulizwa?

South Carolina mwaka 1860 ilikuwa na watu 703,708. Kati yao 402,406 walikuwa watumwa. Wajumbe 169 waliopiga kura ya pamoja, karibu tisa kati ya kila kumi walimiliki watumwa. Ukisikia mtu anasema watu wa South Carolina waliamua hatima yao, muulize anahesabu watu gani. Asilimia 57 ya jimbo haikuulizwa kitu, na ndiyo iliyokuwa mada ya mkutano.

Mimi naona hapa ndipo swali la haki linapokwisha. Unaweza kuamini kwa dhati kwamba watu wanaoonewa wana haki ya kujitenga, nami naamini hivyo, na bado ukaona kwamba haki hiyo ni ya wakazi wa nchi, si ya wenye mashamba waliomo ndani yake. Wangeulizwa wakazi wote wa South Carolina siku ile, jimbo lisingejitenga. Wala Mississippi, ambako watumwa walikuwa 436,631 katika watu 791,305.

Na wale walioipenda sana haki ya kujitenga hawakuipenda ilipodaiwa na wengine. Wakulima wa milima ya Tennessee Mashariki walikutana Greeneville Juni 1861 wakaomba jimbo liwaachie wabaki na Muungano. Wakakataliwa, na jeshi likatumwa. Novemba baadhi yao walichoma madaraja ya reli, na kadhaa walionaswa wakanyongwa. Magharibi mwa Virginia walibahatika kuwa karibu na jeshi la Kaskazini. Wakajitenga na waliojitenga, na tarehe 20 Juni 1863 West Virginia ikawa jimbo kamili.

Wenye kunifuata mpaka hapa huenda wanauliza mbona hata wapinga utumwa wengine walitaka muungano uvunjike. Ni kweli. William Lloyd Garrison wa Massachusetts alihubiri kwa miaka mingi kwamba Kaskazini ndiyo ijitenge ili mikono yake iwe safi, na tarehe 4 Julai 1854 aliichoma moto nakala ya Katiba hadharani huko Framingham. Frederick Douglass, aliyekuwa mtoro mwenyewe, alikuwa ameachana na mstari huo tangu 1851. Kwake kuondoka kungesafisha dhamiri za weupe wa Boston na kuwaacha watumwa peke yao na mabwana zao. Namwona Douglass alikuwa sahihi kimaadili. Lakini Garrison naye aliona kitu ambacho mabwana hawakukiona: kwamba nguvu ya Muungano ndiyo iliyokuwa ikiushikilia utumwa.

Yaliyofuata yalionyesha hivyo kwa gharama ya maisha ya watu wasiopungua laki sita. Mpango wa Kusini ulitegemea pamba. James Hammond wa South Carolina alikuwa ametamba katika Seneti mwaka 1858 kwamba pamba ni mfalme na hakuna dola itakayothubutu kupigana nayo. Uingereza ilipata sehemu kubwa ya pamba yake huko. Kwa hiyo mwaka 1861 wakulima na wafanyabiashara waliyazuia marobota yao kwa hiari ili Uingereza iumie na ije kuwasaidia. Lilikuwa kosa la kufedhehesha. Viwanda vya Lancashire, Uingereza, vilikuwa na akiba kubwa kutokana na mavuno mazito yaliyotangulia, na baadaye India na Misri zikaongeza kilimo. Kusini ilizuia mzigo wake wakati kizuizi cha manowari za Lincoln bado ni dhaifu. Ilipotaka kuuza, kizuizi kilikuwa kimekaza. Bila mauzo hakuna dhahabu, na bila dhahabu serikali ikachapa noti. Mapema 1865 dola moja ya dhahabu ilinunua noti za dola 50 na zaidi. Aprili 1863 wanawake wa Richmond walivunja maduka wakitaka mkate.

Shirikisho lililozaliwa kwa kelele za kuikataa serikali yenye nguvu likawa la kwanza katika Marekani kuwalazimisha watu kujiunga na jeshi, Aprili 1862, karibu mwaka mzima kabla ya Lincoln. Oktoba likatoa msamaha kwa mweupe mmoja katika kila shamba lenye watumwa 20 au zaidi. Maskini waliuelewa ujumbe huo bila kutafsiriwa.

Kwa msomaji wa pwani yetu, vita hivyo vilifika hadi dukani. Ile merikani iliyovaliwa na kulipwa kama fedha kutoka Unguja hadi bara ilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, ikaletwa na meli za Salem, na pamba yake ilitoka mashamba ya watumwa wa Kusini. Vita vilipoanza merikani ikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Isitoshe, siku kumi kamili kabla ya mizinga ya ngome ya Sumter kuanzisha vita hivyo, Zanzibar nayo ilitenganishwa rasmi na Omani. Sayyid Said alifariki 1856, wanawe Majid wa Unguja na Thuwaini wa Maskati wakagombea urithi, na Lord Canning, mtawala wa Uingereza huko India, akaamua tarehe 2 Aprili 1861 kwamba Majid abaki na Zanzibar na amlipe nduguye riale 40,000 kila mwaka. Huko kulikuwa na msuluhishi na malipo, kwa hiyo damu haikumwagika kama Virginia. Waliokuwa wakichuma karafuu hawakuulizwa vilevile, na hadhi ya kisheria ya utumwa haikufutwa Unguja mpaka 1897.

Huko Marekani, weusi wapatao 180,000 walivaa sare za jeshi la Muungano, wengi wao wakiwa wametoka utumwani Kusini. Machi 1865, Kongresi ya Shirikisho, ikiwa na wiki chache tu za kuishi, ilikubali nayo kuandikisha watumwa jeshini. Jenerali Howell Cobb wa Georgia alikuwa amepinga wazo hilo mwezi Januari kwa maneno ya kweli kuliko alivyokusudia: watumwa wakiwa askari wazuri, basi nadharia yetu yote ya utumwa ni makosa.

Mwisho wa mwaka huo Marekebisho ya 13 ya Katiba yalikuwa mezani tena, safari hii yakiwa na maana tofauti na yale ya Corwin: utumwa upigwe marufuku kote. Majimbo sasa yalikuwa 36, zilihitajika ridhaa 27. Delaware, Kentucky na New Jersey yaliyobaki katika Muungano yalikataa. South Carolina iliridhia tarehe 13 Novemba 1865, Alabama na North Carolina mwanzoni mwa Desemba. Ridhaa ya 27, iliyokamilisha hesabu tarehe 6 Desemba, ilitoka Georgia.